Mlango wa Ukurasa wa Saba

Sajini Ngumbao alipofika Ofisi ya Wageni saa mbili na robo asubuhi, kitu cha kwanza alichokiona ni furushi la nguo juu ya ngazi. Kando yake palikuwa na sufuria mbili, taa ya chemli na Biblia iliyofungwa kwa kitambaa. Mwenye vitu hivyo alikuwa Jael, mke wa karani. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na hakutaka kuketi.

"Tumeambiwa ufunguo wa nyumba ya kazi urudi kabla ya saa sita," alisema. "Mume wangu hajahukumiwa, lakini nyumba imeshapata mtu mwingine."

"Dishon yuko wapi?"

"Ndani. Wamemfungia stoo, pamoja na viti vibovu."

Ngumbao alivua kofia, akainamisha kichwa pale mlangoni. Tangu alipotoka skuli ya misheni Rabai alikuwa na desturi hiyo: kabla ya kumhoji mtu yeyote alimwomba Mungu asimwache amwonee asiye na kosa. Haikuchukua muda zaidi ya kuvuta pumzi. Kisha akaingia.

Ofisi ilikuwa imefunguliwa mwaka uliopita, 1948, kwa kazi moja tu: kuwavuta wasafiri waje Mombasa wasiende kwingine. Kuta zake zilijaa mabango ya rangi, na kila wiki barua zilikwenda kwa wenye meli wa Bombay, Durban na London. Kesho asubuhi meli ingefunga gatini Kilindini ikiwa na mawakala wa safari mia na ishirini, watu ambao kazi yao ni kuwashauri wenzao pa kwenda. Wangetembezwa siku tatu. Wakiridhika, mkutano wao mkubwa wa mwaka ujao ungefanywa hapa.

"Na wasiporidhika, Unguja wamekwisha kuwaandikia," alisema Jaffar, katibu wa ofisi, mtu mwembamba aliyevaa tai hata siku ya joto kama hii. "Unguja, Sajini. Wanatia karafuu ndani ya bahasha ili barua inukie. Nimeiona kwa macho yangu. Nasi tutawapa nini? Kitabu kisicho na mlango?"

Alimsukumia Ngumbao kijitabu chenye jalada la samawati, kilichoshonwa mgongoni kwa uzi wa hariri ya kijani. Kando yake akaweka mfano uliotoka kwa mpiga chapa, ule wa kusahihishia. Katika mfano, ukurasa wa saba ulikuwa na picha kubwa ya mlango wa nakshi, bawa moja limefunguliwa, samaki mdogo amechongwa kwenye mti wa katikati, na juu yake aya ya Kurani iliyochongwa kwa herufi zilizosomeka waziwazi. Chini pameandikwa kwa Kiingereza: Mlango wa nyumba ya Bwana Taib, Kibokoni; maelezo yametolewa na Bwana Taib mwenyewe.

Katika kijitabu kilichoshonwa, baada ya ukurasa wa sita ulikuja wa tisa.

"Vyote?"

"Vyote mia na ishirini. Na mtu tunaye." Jaffar alifungua mtoto wa meza, akatoa wembe uliotiwa kipini cha mti. "Ulikuwa kwa Dishon. Na alisema mbele ya watu kwamba ukurasa huo ataukata kwa mkono wake."

"Mapipa ya taka mmeyapekua?"

"Tumeyapekua, hata la jirani. Hatukupata kipande."

Ngumbao aliuchukua wembe, akaomba ufunguo wa stoo. Dishon alikuwa amekaa juu ya kiti chenye miguu mitatu, ameegemea ukuta asianguke. Alitaka kusimama, Ngumbao akamwashiria abaki.

"Ulisema utaukata?"

"Nilisema."

"Nani alisikia?"

"Waliokuwapo wote. Na mpishi wa chai pia, na huyo huwahadithia hata wateja wa Feri."

"Kwa nini ulisema?"

"Kila neno la kitabu hicho nimeliandika mimi, Sajini. Miezi mitatu nimezunguka Mji wa Kale na daftari, napiga hodi nyumba hata nyumba. Mfano ulipotoka nikaona maelezo ni ya Bwana Taib. Kesho yeye ndiye atakayewaongoza wageni, awanyunyizie marashi, awape kahawa. Mimi nimepangiwa kubeba miavuli."

"Ukaona wivu."

Dishon alitazama kucha zake. "Niliona wivu. Hata usiku nilishindwa kusali sawasawa. Lakini sikukata."

"Wembe?"

"Wa penseli. Tazama, una makaa yake."

Ulikuwa nayo. Ngumbao akarudi mezani, akakifungua kijitabu katikati, pale uzi ulipoonekana. Hakutazama tena pale palipokosekana mlango. Alifunua nusu ya pili, ukurasa baada ya ukurasa, huku midomo yake ikihesabu. Kumi na tano, kumi na sita, kumi na tisa.

"Bwana Jaffar, ukurasa wa kumi na saba ulikuwa na nini?"

"Orodha ya hoteli, na saa za kivuko cha Likoni. Kwa nini?"

"Haumo."

Jaffar alikinyakua kijitabu. Akafungua kingine, na cha tatu. "Hoteli hazimo," alisema kwa sauti ndogo. "Siku mbili tunapiga kelele za mlango, na hoteli hazimo."

Ngumbao alichukua kipande cha gazeti, akakikunja katikati. "Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne. Mbili zinakaa mwanzoni mwa kitabu, mbili mwishoni. Ya saba na ya nane ni ndugu wa ya kumi na saba na ya kumi na nane. Mtu akikata mlango kwa wembe baada ya kitabu kushonwa, upande wa hoteli unabaki, na mgongoni kunaonekana kikonyo cha karatasi. Hapa hakuna kikonyo. Karatasi nzima haikutiwa tangu mwanzo. Dishon aliviona vitabu lini?"

"Vilipokwisha kushonwa. Vililetwa vimefungwa."

"Basi asingeweza. Mfungulie."

"Nitamfungulia akae na mkewe," alisema Jaffar. "Nyumba ni jambo jingine. Mwenyekiti wa kamati ya wageni ameshatia sahihi kwamba aondoke, na hatabadili kwa hesabu ya gazeti lililokunjwa. Niletee karatasi, Sajini. Kabla ya saa sita."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

*

Vijitabu vilishonwa na Bi Mejumaa, mjane wa Kibokoni anayeishi kwa kushona kofia za mkono. Ofisi ilimtaka yeye kwa makusudi, ili wageni waambiwe kwamba hata uzi wa kitabu umepita katika mkono wa mtu wa mji.

"Hodi," alisema Ngumbao.

"Nani huyo mwenye viatu vya serikali?"

"Ngumbao, wa polisi."

"Karibu, lakini tazama unapokanyaga. Hapo chini pana siku kumi na nne za macho yangu."

Ngumbao alizunguka kofia iliyolala mkekani, akachutama mbali kidogo. Alimwonyesha kijitabu.

"Huo ni mkono wangu," Bi Mejumaa alisema bila kukishika. "Kifundo hicho hakuna mwengine akifungaye hivyo. Wataka kunishitaki kwa kifundo?"

"Karatasi zilikufikia vipi, Bi Mejumaa?"

"Zimekunjwa na kupangwa, moja ndani ya nyengine. Kazi yangu ni tundu tatu na uzi."

"Ngapi katika kila kitabu?"

Sindano ilisimama. "Tano."

"Katibu alikuambia sita."

"Aliniambia sita. Nami nikahesabu tano, nikatuma kuuliza. Nikajibiwa tano ndizo, shona."

"Nani alijibu?"

"Jina usiniulize. Nimenyonyesha mtoto wa mtu huyo alipougua, naye akanyonyesha wangu."

"Sitaliuliza. Nauliza zilipangwa wapi."

"Hilo si siri. Kwa Bwana Taib. Chumba changu huku waona kilivyo, karatasi zingelala juu ya kitanda. Yeye yumo katika kamati ya wageni, akasema nyumbani kwake kuna ukumbi wa juu."

"Bwana Taib ana nyumba mbili."

"Anazo."

"Yenye ukumbi wa juu ni ipi?"

Bi Mejumaa alikata uzi kwa meno. "Wewe wajua kuuliza. Ile ya mke mkubwa, Mwanakuu. Ile ya Mwanaesha, mke mdogo, ni mpya, ina baraza pana na taa za vioo. Huko ndiko wageni watakakonyweshwa kahawa."

Ngumbao alikirudisha kijitabu mfukoni. Nje mtu alipita akiuza maji, akagonga debe, akaenda zake.

"Niambie jambo moja, mimi si Mwislamu. Karatasi yenye aya, mtu akiwa haitaki tena, huifanyaje?"

"Haitiwi jikoni, haitupwi jaani. Hata mwehu hafanyi hivyo. Huwekwa mahali pa juu, mpaka mwalimu wa chuo cha Kurani aje akusanye na za watu wengine, akazizike."

"Mwalimu huja lini?"

"Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano. Ngumbao alisimama. "Basi ziko bado. Mkristo wa bara angezichoma kwenye jiko la chai, asijue ameunguza nini. Huyu hakuweza. Bi Mejumaa, nakuomba ufuatane nami. Sitaki kusimama peke yangu mlangoni kwa mke wa mtu."

"Nisipokuja?"

"Saa sita Jael, mke wa karani anayeshitakiwa bure kwa karatasi hizi, ataondoka na sufuria zake, na sijui atajifungulia wapi."

Bi Mejumaa alimtazama, kisha akanyoosha mkono kutwaa buibui.

*

Nyumba ya Mwanakuu ilikuwa ya ghorofa moja, ya zamani, yenye kuta nene. Ngumbao hakubisha mara moja. Alisimama akiutazama mlango. Ulikuwa wa mbao tupu zilizopakwa rangi ya kijani, wa bawa moja, mwembamba. Lakini jiwe la kizingiti lilikuwa limelika kwa nyayo upana wa watu wawili, na pande zote za fremu palikuwa na chokaa mbichi, nyeupe kuliko ukuta. Alipima kwa shibiri. Mlango uliokuwapo kabla ya huu ulizidi kwa shibiri mbili kila upande.

Bi Mejumaa ndiye aliyepiga hodi, akaingia. Ngumbao alibaki kwenye daka, ule ukumbi mdogo wa kuingilia, akaketi upande usiotazama ndani. Baada ya muda pazia lilitikisika na sauti ya mwanamke ikamsalimu kwa utaratibu, ikamuuliza hali, na ya watu wake, na ya kazi. Naye akajibu yote kwa utaratibu uleule.

"Nimekuja kwa karatasi mia na ishirini, Bi Mwanakuu."

"Karatasi za nini?"

"Za mlango."

"Nyumba hii haina mlango, Bwana askari. Ulichokiona hapo ni ubao."

"Nimeuona. Uliokuwapo ulikuwa mpana zaidi."

Pazia lilitulia. Ngumbao aliendelea bila kupandisha sauti. "Karani wa ofisi anashitakiwa kwamba ndiye aliyezikata. Jina lake Dishon. Amenyang'anywa kazi na nyumba. Mkewe ana mimba kubwa, amesimama barabarani tangu asubuhi."

"Dishon yupi? Yule kijana wa bara mwenye daftari?"

"Ndiye."

"Mejumaa, ulijua?"

"Nimejua leo tu, shoga yangu, kama wewe."

Nyuma ya pazia kiti kilivutwa, mtu akaketi.

"Kijana huyo alisimama hapo ulipo," alisema Mwanakuu. "Katika watu wote wa ofisi ni yeye tu aliyeuliza mlango ulichongwa na nani. Nikamwambia, baba yangu, Fundi Zein. Aliuchonga mwaka nilioolewa, akanipa mimi, mbele ya mashahidi. Kijana akaandika yote. Miezi miwili nyuma mume wangu akaniambia mchwa umeingia, yuwaupeleka kwa fundi. Nikangoja. Kisha nikasikia wageni wa meli watatembezwa Kibokoni, na ofisi yataka nyumba moja nzuri ya kuonyesha, na mlango wangu umesimama kwa Mwanaesha."

"Ulimuuliza?"

"Alisema ni wageni wa siku tatu, nisiwe na roho ndogo. Halafu akaniletea karatasi nizikunje. Kwa sababu nina ukumbi, na nina mkono mzuri. Binti yangu asomaye skuli akanisomea maneno. Jina la baba halimo. Nilidhani ni yule karani aliyelifuta, nikamkasirikia. Mlango wangu, Bwana askari, mlangoni mwa mke mwenzangu, nami niukunje katikati vizuri usipinde. Thelathini nilizikunja. Ya thelathini na moja mkono ulikataa."

"Ziko wapi?"

Nyayo zilipanda ngazi, zikarudi. Bi Mejumaa alitoka nyuma ya pazia na furushi la kitambaa cheupe.

"Zilikuwa kwenye kidaka cha ukutani, juu ya msahafu?" aliuliza Ngumbao.

"Chini yake," alijibu Mwanakuu. "Juu ya msahafu hapawekwi kitu."

Ngumbao hakuzigusa. Alirudi nyuma hatua moja, akamwomba Bi Mejumaa azihesabu yeye. Zilikuwa mia na ishirini. Thelathini zilikuwa na mkunjo katikati, ulionyooka kama uliopigwa rula. Tisini zilikuwa bapa. Hapakuwa na hata moja iliyochanika.

"Zaweza kurudishwa vitabuni?"

"Kufumua, kutia, kushona tena," alisema Bi Mejumaa. "Peke yangu, keshokutwa. Nikipata mikono miwili mengine, kabla ya Magharibi."

"Mikono ni hii," ilisema sauti ya nyuma ya pazia.

Ngumbao alichana karatasi katika daftari lake, akaandika kwa penseli: Karatasi zimepatikana, nzima zote. Hazikukatwa. Karani hakuhusika kwa njia yoyote. Arudishiwe ufunguo sasa. Akatia sahihi na saa, tano kasoro dakika kumi. Askari aliyekuwa kwenye kona ya mtaa alipewa, akaambiwa akimbie na asisimame hata akiitwa na ndugu yake.

*

Taib alikuja kabla askari hajatokomea. Habari hutembea haraka Kibokoni. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na joho jipya, labda alikuwa akilijaribu kwa ajili ya kesho. Alimsalimia Ngumbao kwa heshima, akaona furushi mikononi mwa Bi Mejumaa, uso wake ukalegea.

"Alhamdulillahi. Basi yamekwisha, Sajini. Haya ni mambo ya nyumbani, ya wivu wa wanawake. Nitamwambia Bwana Jaffar mwenyewe, nawe hutahitaji kuandika."

"Ya karatasi yamekwisha," alisema Ngumbao. "Jina la Fundi Zein lilikuwa katika daftari la Dishon. Lilitokaje?"

"Nililitoa mimi. Wageni hawana haja na mafundi. Wanataka kujua nyumba ni ya nani."

"Na mlango ni wa nani?"

"Ni wangu. Ulikuwa katika nyumba yangu, nikauhamishia nyumba yangu."

"Umeupita miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Bi Mejumaa, ifunue karatasi moja uitazame wewe tu." Ngumbao alimgeukia tena Taib. "Kwenye mfaa, ule mti wa katikati ambapo mbawa mbili hukutana, pamechongwa samaki mdogo. Ana macho mangapi?"

Taib alitabasamu. "Samaki wa ubavu, Sajini. Huonekana jicho moja."

Bi Mejumaa aliisogeza picha karibu na macho yake yaliyozoea tundu za kofia.

"Hana jicho," ilisema sauti ya nyuma ya pazia. "Baba alikuwa ashika tindo, nikamletea kahawa, nikamgusa mkono. Tindo likateleza likatwaa jicho zima. Nikalia, nikidhani nimeharibu harusi yangu. Akasema tumwache vivyo hivyo, ili siku yoyote nikipotelewa na mlango nijue kuutambua. Alisema kwa mzaha."

Ngumbao alinyoosha shingo, akatazama bila kugusa. Samaki alikuwa pale, wazi kabisa, na mahali pa jicho palikuwa na kovu dogo la mti.

"Wageni wanakuja kesho," alisema Taib. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mia na ishirini. Watapita pale mlangoni. Sajini, huu ni mji wetu sote. Unguja watacheka."

"Huenda," alisema Ngumbao.

Aliketi tena kwenye daka, akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaramba ncha ya penseli na kuandika tarehe. Alifumba macho kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha akaligeukia pazia.

"Jina la mlalamikaji?"

"Mwanakuu binti Zein."

"Kilichopotea?"

"Mlango mmoja," alisema Mwanakuu. "Na jina."